Mezani kwa Waitaliano: mbinu za kula hoteli kubwa bila kubabaika

Uko Ipagala, Dodoma, simu inaita. Mteja wako anataka mkutane saa moja usiku kwenye hoteli kubwa, mgahawa wa Kiitaliano. Au ni mwenzi wako: mwaka huu hataki kuku choma na chipsi, anataka meza yenye kitambaa cheupe. Usihangaike. Mgahawa wa aina hii una taratibu zake, na zote unaweza kuzijua kabla hujatoka nyumbani.

Kanuni kubwa ni moja: uliza mapema. Aliyeuliza kabla ya kuagiza hashtuki bili ikija. Wahudumu wa hoteli kubwa wamefundishwa kujibu maswali, na majibu hayo ni sehemu ya huduma unayolipia. Kuuliza si ushamba. Ushamba ni kunyamaza, kisha kulalamika ukiwa kwenye Bajaji ya kurudi nyumbani.

KABLA YA KUTOKA

Weka meza kwa simu. Taja jina, idadi ya watu, saa na shughuli yenyewe. Ukisema ni kumbukumbu ya ndoa au mazungumzo ya kazi, watajua wakupe kona tulivu au meza ya katikati. Dodoma ina msimu wake: Bunge la Bajeti huanza Aprili na kuisha Juni, na wiki hizo wabunge, maofisa wa wizara na wageni wao hujaza hoteli. Tarehe yako ikiangukia humo, piga simu siku kadhaa kabla.

Kwenye simu hiyo hiyo uliza mambo manne. Mavazi yanayotakiwa ni yapi? Mlo mkuu unaanzia shilingi ngapi? Mnapokea kadi au Lipa Namba? Na kama una miiko ya chakula: jikoni kwenu mnapika nyama ya nguruwe? Majibu ya maswali haya ndiyo yatakayopanga jioni yako.

Vaa nadhifu, si lazima suti. Wakikwambia "smart casual", wanamaanisha shati lenye kola na suruali ndefu, au gauni la heshima, na viatu vya kufunika. Kitenge kilichoshonwa vizuri kinapita popote. Acha ndala, kaptura na jezi. Beba koti jepesi au mtandio: Juni na Julai upepo wa jioni wa Dodoma unauma, na ndani ya hoteli viyoyozi havina huruma.

Anza na mchana kama bajeti ni finyu. Hoteli nyingi zina menyu fupi ya mchana yenye bei ya pamoja: kianzio, mlo mkuu na kahawa. Jiko ni lile lile, mpishi ni yule yule, bei imeshuka. Kama ni mara yako ya kwanza, mchana pia hakuna msongamano na mhudumu ana nafasi ya kukuelekeza.

Fanya mazoezi karibu na nyumbani. Dodoma kuna Leone l'Africano, mgahawa wa Kiitaliano wenye jina mjini kwa pizza zake. Si hoteli ya kifahari, lakini majina ya vyakula ni yale yale. Ukishaagiza pizza na pasta hapo, menyu ya hoteli kubwa ya Dar au Nairobi haitakutisha. Nairobi, kwa mfano, hoteli ya Villa Rosa Kempinski iliyofunguliwa 2013 ilijijengea jina kwa mgahawa wake wa Kiitaliano uitwao Lucca. Pwani ya Kenya nako, Waitaliano wamekuwapo Malindi tangu mradi wao wa kurusha setilaiti, San Marco, wa miaka ya 1960. Hivyo ukisafiri kikazi, meza hii utakutana nayo tena.

Kula kidogo alasiri. Ndizi moja au kikombe cha uji saa kumi kinatosha. Chakula cha Kiitaliano huja kwa zamu, na zamu ya kwanza inaweza kuchukua nusu saa. Ukienda na njaa kali utamaliza mkate wote na kukosa nafasi ya ulichokilipia.

Kama unashuka Dar kwa SGR, usiweke meza kwa saa ile ile ya treni kufika. Jipe muda wa foleni, kuoga na kubadili nguo.

UKIFIKA

Subiri uelekezwe. Mlangoni taja jina ulilowekea meza, kisha mfuate mhudumu. Meza isipokupendeza, sema kabla hujakaa: "Samahani dada, naomba meza ya mbali kidogo na spika." Ukishakaa na kufunguliwa kitambaa, kuhama kunakuwa na usumbufu kwa kila mtu.

Kitambaa cha mezani ni cha mapajani. Kikunjue, kitandaze mapajani, kitumie kufuta midomo. Ukienda msalani kiache kwenye kiti. Ukimaliza kula kabisa, kiweke mezani bila kukikunja kwa ustadi.

Vijiko na uma: anza na vya nje, ingia ndani. Kila sahani ikiondoka, vyake vinaondoka. Ukipumzika, acha kisu na uma vikiwa vimetengana. Ukimaliza, vilaze pamoja sambamba, na mhudumu ataelewa bila kukuuliza.

Muite mhudumu kwa heshima. Huyu ni Mtanzania mwenzako. Ongea naye Kiswahili. Inua mkono kidogo, mtazame, sema "samahani kaka". Usipige mluzi, usigonge glasi, usiite "wee". Soma jina lake kifuani na ulitumie. Meza yenye adabu huhudumiwa haraka kuliko meza yenye kelele.

Swali la maji lina bei. Mhudumu atakuuliza unataka maji ya kawaida au ya gesi. Usiposema, unaweza kuletewa chupa ya glasi iliyotoka Ulaya, na bei yake imepanda ndege pia. Sema wazi: "Naomba maji ya hapa nchini, chupa kubwa."

KUSOMA MENYU

Menyu ya Kiitaliano ina vyumba vitano. Antipasti ni vianzio. Primi ni pasta, risotto na supu. Secondi ni nyama au samaki. Contorni ni mboga na viazi vya pembeni. Dolci ni vitindamlo. Hulazimiki kuingia vyumba vyote. Kianzio kimoja cha kugawana, kisha mlo mkuu mmoja kwa kila mtu, ni jioni kamili.

Kumbuka contorni. Sisi tumezoea nyama kuja na wali au ugali na mboga zake. Kwa Waitaliano, secondi inaweza kuja nyama tupu na kipande cha limao. Uliza: "Hii inakuja na nini pembeni?" Kama jibu ni "haiji na kitu", agiza viazi au mboga, na uhesabu bei yake.

Soma sosi, si umbo. Majina marefu ya pasta mengi ni maumbo tu. Ladha iko kwenye sosi. Pomodoro ni nyanya. Arrabbiata ni nyanya na pilipili. Aglio e olio ni kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Ragù au bolognese ni nyama ya kusaga. Pesto ni mrehani uliosagwa na mafuta, jibini na njugu. Vongole ni kome wadogo wa baharini. Frutti di mare ni mchanganyiko wa vyakula vya bahari: kamba, ngisi, pweza. Quattro formaggi ni jibini za aina nne.

Matamshi yasikukwamishe. Kwa Kiitaliano, "ch" hutamkwa k: bruschetta ni "brusketa". "Gn" ni ny yetu: gnocchi ni "nyoki". "Ci" ni chi yetu, kwa hiyo ciabatta ni "chabata". Ukikwama, weka kidole kwenye menyu na useme "hii". Hakuna atakayekucheka.

Chakula cha siku hakina bei mpaka uulize. Mhudumu akisimulia kwa mdomo kile mpishi alichoandaa leo, sikiliza, kisha uliza: "Hiyo ni shilingi ngapi?" Fanya hivyo hata mbele ya mgeni wako. Samaki mzima na kambakoche mara nyingi huuzwa kwa uzito, na menyu inaweza kuandika bei ya gramu 100. Kambakoche wa gramu 800 ni mara nane ya namba uliyoiona. Omba apimwe kwanza, utajiwe jumla, ndipo ukubali.

MIIKO, DINI NA AFYA

Kama huli kitimoto, jifunze majina yake. Prosciutto, pancetta, guanciale, speck, salame na mortadella kwa kawaida ni nguruwe. Carbonara na amatriciana hupikwa nayo. Ragù inaonekana ya ng'ombe, lakini mapishi mengi huchanganya nyama mbili. Bresaola kwa kawaida ni ng'ombe. Usikisie: uliza kila mara, na uulize pia kama tanuri na visu vinatumika kwa vyote.

Kama huli kilevi, uliza pia. Risotto nyingi huanza kwa kumiminiwa mvinyo. Tiramisù mara nyingi hutiwa pombe kidogo. Panna cotta hugandishwa kwa jelatini, ambayo inaweza kutoka kwa nguruwe. Mwisho wa mlo unaweza kuletewa kiglasi kidogo cha manjano bila kuagiza, kama zawadi ya nyumba. Hiyo ni limoncello. Inaonekana kama juisi ya limao, ni kilevi kikali. Iweke mbali na watoto.

Uko kwenye mfungo wa Kwaresima? Pizza margherita, pasta pomodoro na gnocchi za jibini hazina nyama. Huli maziwa? Aglio e olio bila jibini itakutosha. Una mzio wa karanga au njugu? Mwambie mhudumu kabla ya kuagiza chochote, hasa pesto na aiskrimu za pistachio.

MEZANI

Mkate ni wa kuonja. Utaletwa mapema na mafuta ya zeituni. Mega kipande kwa mkono, chovya kidogo, kula. Uliza kama ni wa bure. Sehemu nyingine hutozwa kwa kila mtu.

Pasta itakuwa na ugumu kidogo katikati. Ndivyo wanavyoitaka. Usiirudishe jikoni ukidhani haijaiva. Kama unapenda laini, sema wakati wa kuagiza: "Naomba iive zaidi."

Risotto isikushangaze. Ni mchele mfupi uliokorogwa kwa supu hadi ukawa mzito na wenye majimaji, kama bokoboko jepesi. Ukitarajia wali unaochambuka punje kwa punje, utavunjika moyo. Huchukua kama dakika 20 kwa sababu hupikwa baada ya kuagizwa, kwa hiyo usiiagize ukiwa na haraka.

Spageti: chukua nyuzi chache, si mafungu. Simamisha uma pembeni ya sahani, zungusha hadi zijifunge, peleka mdomoni. Usizikate kwa kisu. Uzi ukining'inia, umalize kimyakimya. Ukijua utakutana na bosi na umevaa shati jeupe, agiza penne au ravioli; ni fupi, hazirushi sosi.

Pizza Italia huja nzima, moja kwa kila mtu, na kisu na uma. Hapa kwetu tunagawana, na hakuna kosa. Mwambie mhudumu aikate vipande nane na alete sahani za ziada. Kula kwa uma mwanzoni ikiwa ya moto, kisha shika kwa mkono.

Nyama ya steki: taja inavyotakiwa kuiva. Usiposema unaweza kuletewa yenye damu katikati. Sema "iive kabisa" au "iwe ya katikati". Ukiletewa tofauti na ulivyosema, irudishe kwa upole mara moja. Usile nusu kwanza.

Kahawa: Waitaliano hunywa cappuccino asubuhi, na baada ya chakula cha jioni hunywa espresso, kikombe kidogo cha kahawa nzito. Wewe kunywa unachopenda. Ila ukiagiza espresso, usishangae kikombe kuja na vijiko vichache tu vya kahawa, na usitarajie usingizi wa mapema.

MVINYO, KAMA UNAKUNYWA

Huu ndio uwanja wako. Unatoka mkoa wa zabibu, unaovuna mara mbili kwa mwaka. Uliza: "Mna mvinyo wa Dodoma?" Kiwanda cha CETAWICO cha Hombolo kilianzishwa na mwekezaji Mwitaliano, kwa hiyo kuweka chupa ya Hombolo kwenye meza ya Kiitaliano si jambo geni. Tofautisha tu: dompo tamu ya mtaani ni ya kunywa polepole mwishoni, mvinyo mkavu ndio unaokwenda na chakula.

Agiza glasi, si chupa, kama mko wawili na mmoja anaendesha. Nyekundu hukaa vizuri na nyama na sosi za nyanya. Nyeupe iliyopoa hufaa samaki na kuku. Ukitaka chupa, onyesha mstari wa bei unaoumudu na useme "nitafutie kitu kizuri hapa". Mhudumu ataelewa bajeti yako bila wewe kuitaja mbele ya mgeni.

Mhudumu akifungua chupa na kukumiminia kidogo, hakuulizi kama umeipenda. Anakuuliza kama haijaharibika. Zungusha glasi, nusa, onja. Ikinuka kama kadibodi lililolowa au siki, sema. Kama iko sawa, sema "sawa, endelea".

Usipokunywa, huhitaji kujieleza. Agiza juisi, soda au mchanganyiko wa matunda usio na kilevi, na jioni iendelee.

NANI ANALIPA

Aliyealika ndiye mlipaji. Kama ni wewe, malizana na mhudumu mapema: mwambie pembeni bili ije kwako. Hapo hakuna kuvutana mbele ya mgeni. Kama umealikwa, subiri mwenyeji aagize kwanza, kisha chagua cha bei ya katikati. Usiwe wa kwanza kutaja kambakoche.

Piga hesabu kabla. Tuseme pasta mbili ni 70,000, kianzio cha kugawana 25,000, kitindamlo kimoja 18,000 na maji 7,000. Jumla ni 120,000. Sasa soma maandishi madogo chini ya menyu. Kama bei hazijajumuisha VAT ya asilimia 18, inaongezeka 21,600. Kama kuna tozo ya huduma ya asilimia 10, inaongezeka 12,000. Umefika 153,600 bila kuagiza kitu kingine. Nairobi soma hivyo hivyo: VAT ni asilimia 16, na kuna tozo ya utalii ya asilimia 2.

Bei ziwe kwa shilingi. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza kutaja bei na kudai malipo kwa fedha za kigeni kwa huduma za hapa nchini. Ukiona menyu ina dola peke yake, omba ya shilingi kabla ya kuagiza.

Kagua bili mstari kwa mstari. Hesabu chupa za maji, glasi na mikate. Kosa likionekana, mwonyeshe mhudumu kwa sauti ya chini. Kisha dai risiti ya EFD. Bila hiyo huwezi hata kurudishiwa gharama ofisini.

Bakshishi ni hiari. Kama tozo ya huduma imo kwenye bili, hujakosea usipoongeza. Kama haimo na umehudumiwa vizuri, asilimia 5 hadi 10 ni ya kiungwana. Mpe mhudumu mkononi, kwa noti, na umshukuru kwa jina.

Chakula kikibaki, omba ufungiwe. "Naomba unifungie hii" ni sentensi ya kawaida hata hoteli ya nyota tano. Pizza hupata moto vizuri kesho yake kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, ukifunika na mfuniko.

Na usafiri wa kurudi upange kabla ya kahawa. Bajaji nyingine huishia getini, kwa hiyo mwambie dereva wako mkutane wapi.

UKISAHAU YOTE, SHIKA SENTENSI TANO

"Habari za jioni dada, nimeweka meza kwa jina la..."

"Hii ni shilingi ngapi, na inakuja na nini pembeni?"

"Ina nyama ya nguruwe au kilevi?"

"Wewe unanishauri nini leo?"

"Naomba bili na risiti ya EFD."

Ukizisema hizi tano kwa sauti ya kawaida, mtu wa meza ya pili atadhani unakula hapo kila Ijumaa.